Agata Pyo Sun-im, Mpimaji wa Njia za Angani

Tunayemsindikiza leo, Jumanne tarehe 23 Aprili 2024, katika makaburi haya ya parokia, ni Mama Agata Pyo Sun-im, aliyekuwa mpangaji wa safari za ndege katika uwanja wa Gimpo, Seoul, kwa miaka thelathini na minne. Wengi mliokaa hapa mmewahi kupanda ndege alizozipangia njia, muda na mafuta, bila kulijua jina lake. Hilo halikumsumbua. Alikuwa akisema kwamba abiria akimjua mpangaji wa safari yake, basi siku hiyo kuna jambo limeharibika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 mjini Mokpo, Jeolla Kusini, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Pyo Dal-su, karani wa posta, na Mama Eom Bun-nyeo, aliyeuza mwani mkavu sokoni. Vita vya Korea vilipozuka alikuwa hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Mama yake alimfunga mgongoni na kukimbilia naye kwa shangazi yao kisiwani Jindo. Aliporudishwa Mokpo alikuwa anatembea na kusema.

Masomo ya msingi aliyapata papo hapo Mokpo. Akiwa darasa la tano alichora alama ya chaki kwenye gurudumu la baiskeli ya baba yake, akaisukuma kutoka nyumbani hadi shuleni huku akihesabu mizunguko, ili ajue anatembea mita ngapi kila siku. Siku hiyo alifika shule vipindi viwili vimekwisha.

"Ulikuwa wapi, Sun-im?" mwalimu akamuuliza.

"Hesabu ilinipotea darajani, mwalimu, ikabidi nirudi nyumbani nianze upya."

Alichapwa fimbo mbili, akapewa na daftari jipya. Mwaka 1965 aliingia shule ya biashara ya wasichana mjini Gwangju, akamaliza Februari 1968 akiwa wa kwanza katika hesabu. Chuo kikuu hakwenda. Zamu ya chuo ilikuwa ya kaka zake, na enzi zile msichana hakuulizwa.

Mnamo Aprili 1969 aliajiriwa Gimpo na kampuni moja ya ndege kama mpiga chapa wa taarifa za hali ya hewa. Alichapa upepo wa dunia nzima kwa miaka miwili, na alipokuwa akichapa alikuwa akisoma. Mpangaji mkongwe, Mzee Tak, alimkuta siku moja wakati wa chakula cha mchana amevuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka Seoul hadi New York, anashangaa uzi unapita Alaska. Mzee yule akaketi, akamweleza kwamba dunia si bapa kama ramani ya ukutani, na kwamba njia fupi angani hupindia kaskazini. Kuanzia hapo hakumwacha. Oktoba 1971 marehemu alifaulu mtihani wa leseni, akawa mwanamke pekee katika chumba cha wapangaji kumi na mmoja. Kwa miaka mingi wageni walioingia chumbani mle walimwagiza chai. Aliwaletea, kisha akawauliza, "Mmesema mnasafiri lini? Maana karatasi ya mafuta yenu ninayo mimi."

Siku ambayo familia imeomba isirukwe katika wasifu huu ni Alhamisi, tarehe 15 Januari 1981.

Asubuhi hiyo ndege ya kampuni ilikuwa Anchorage ikijiandaa kuja Seoul na watu mia moja themanini na saba. Njia ile ilikuwa ya kilomita elfu sita na mia mbili, kwa kuwa anga ya Urusi haikuruhusiwa, na ilibidi ndege izunguke kusini ya rasi ya Kamchatka. Kwa kawaida ya Januari safari ilihesabiwa saa nane na dakika kumi. Marehemu alizisoma taarifa za upepo mara mbili, akapiga hesabu mara tatu, kisha akaweka penseli chini. Karatasi ile ilihitaji sahihi yake na ya rubani.

Mkuu wa zamu, Do Chang-sik, alisimama nyuma ya kiti chake. "Bi Pyo, weka sahihi. Upepo wa Januari ni uleule tangu dunia iumbwe."

"Mkuu, wa leo unawapiga usoni kilomita mia moja na tisini kwa saa, njia nzima. Watatumia saa tisa na dakika tano. Mafuta yao ni ya saa tisa na dakika ishirini."

"Basi si yanatosha?"

"Yanatosha kufika. Hapa uwanja ukifungwa, dakika kumi na tano haziwafikishi popote."

"Unataka nishushe mizigo ya watu kwa sababu ya penseli yako?"

"Ama mizigo ishuke wajaze mafuta zaidi, ama watue Chitose kule Hokkaido, Japani, waongeze njiani. Kinyume cha hapo, mimi sisaini."

Mkuu aliichukua karatasi, akaisaini mwenyewe kwa kutumia upepo wa kawaida wa Januari. "Nenda ukatengeneze chai," akasema.

Marehemu hakutengeneza chai. Ndege ilipaa saa mbili na dakika ishirini asubuhi, saa za Seoul, naye akavuta kiti hadi kwenye meza ya redio, alikokaa kijana mmoja mpole aitwaye Ban Jae-ho. Kila mara ndege ile ilipovuka kituo cha kuripoti, Ban alimsomea muda. Kituo cha kwanza, ilikuwa imechelewa dakika sita. Cha pili, kumi na tisa. Cha tatu, thelathini na nne. Mkuu alitangaza chumbani kwamba hakuna atakayezungumza na ndege bila idhini yake, na saa nane na robo mchana akaitwa kwenye kikao cha ghorofa ya juu. Ndege ilikuwa imebakiza saa moja na kidogo kufika usawa wa Chitose.

"Jae-ho, niitie Rubani Yeo," marehemu akasema.

"Bi Pyo, nikikuitia, kesho sina kazi."

"Najua."

"Nikifukuzwa utanilisha wewe?"

"Nitakulisha. Bonyeza."

Mawimbi ya redio yalikuwa yakichemka kama mafuta ya kukaangia. Sauti ya Rubani Yeo Man-seok ilikuja na kupotea, ikarudi. "Karatasi yangu inasema upepo utalegea nikishaipita Kamchatka."

"Karatasi hiyo sikuisaini mimi, Rubani. Umechelewa dakika thelathini na nne, na upepo hautalegea. Na huku theluji inakuja. Tua Chitose."

Ban alisema baadaye kwamba kulisubiri jibu lile kulikuwa kurefu kuliko utumishi wake wote jeshini.

"Bi Pyo, una hakika?"

"Ya hesabu, ndiyo. Ya theluji, hapana."

Redio ilikwaruza. Kisha, "Waambie Chitose tunakuja."

Mkuu aliporudi na kuambiwa, alikwenda dirishani. Nje jua lilikuwa linawaka, anga nyeupe haina wingu la maana. "Iko wapi theluji yako?" alimuuliza mbele ya wote. Saa tisa na dakika ishirini na tano habari ikaja kwamba ndege imetua salama Chitose. Jua la Gimpo liliendelea kuwaka. Saa kumi likaendelea kuwaka. Wenzake walianza kuepa kumtazama, na mmoja akamsogezea kikombe cha chai ya shayiri kama anayempa pole. Saa kumi na dakika ishirini wingu likaingia kutoka pwani ya Incheon, na chembe ya kwanza ikaanguka kwenye kioo. Saa kumi na moja jioni uwanja ulifungwa, ukafunguliwa kesho yake asubuhi. Kwa upepo ule, ndege ingefika juu ya Gimpo saa kumi na moja na dakika ishirini na tano.

Marehemu na Ban walisimamishwa kazi mwezi mmoja kwa kukaidi amri. Aliporudi alipewa mashine yake ya zamani ya kupiga chapa. Hakuna aliyemwomba radhi. Ila Rubani Yeo alikataa kuiongoza ndege yoyote isiyo na sahihi ya Bi Pyo, na kufikia Septemba marubani waliokataa walikuwa kumi na sita. Wakamrudishia meza yake. Rubani Yeo, ambaye sasa ana umri wa miaka themanini na minane, amemtumia kadi kila tarehe 15 Januari hadi mwaka huu.

Ban Jae-ho alidai ahadi yake ya kulishwa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Mei 1982 katika kanisa la mtaa wao huko Mapo, Seoul, bibi harusi akiwa na miaka thelathini na mitatu, umri ambao mama yake mzazi alikuwa ameshakata tamaa na kuwaambia majirani wa Mokpo kwamba binti yake kaolewa na tufe la plastiki. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tae-gyu mwaka 1983 na Mi-ran mwaka 1985. Nyumbani kwao tikitimaji halikukatwa kabla Mama hajalizungushia uzi na kuwauliza wanawe njia fupi ni ipi, na aliyekosea alikula la mwisho. Mzee Ban alikuwa akikosea makusudi ili watoto watangulie.

Ijumaa tarehe 12 Novemba 2004, saa tano asubuhi, Mzee Ban alianguka ghafla kwa maradhi ya moyo. Marehemu alipigiwa simu akiwa kazini. Kutoka meza yake hadi hospitali zilikuwa kilomita kumi na nane. Alichukua teksi, ikakwama darajani juu ya mto Han kwa sababu ya ajali ya lori, akashuka na kukimbia kwa miguu. Alifika mumewe akiwa ameshafariki dakika kumi na moja kabla. Mwaka uliofuata aliacha kazi. Hakulizungumza jambo hilo na mtu, ila kuanzia siku ile hakupanda tena gari kuvuka daraja lile, alipanda treni.

Mwaka 2011 binti yake Mi-ran alimletea mchumba, Seo Yun-ho, Mkorea aliyezaliwa Buenos Aires, ambako wazazi wake walikuwa na karakana ya kushona nguo. Mi-ran alisema wataishi huko. Marehemu aliinuka, akalileta tufe, akaweka kidole Seoul na kingine Buenos Aires, akavuta uzi. Kilomita elfu kumi na tisa na mia nne.

"Mwanangu," akasema, "ungekwenda mbele kidogo tu ungeanza kurudi nyumbani."

Mi-ran alicheka hadi akalia. Kisha mama yake akamwonyesha kwamba kwa kuwa Buenos Aires iko karibu chini kabisa ya Seoul, uzi ukiuelekeza Amerika, Ulaya au Afrika, urefu hautofautiani sana. "Kwako hakuna njia ya mkato," akamwambia. "Ukisikia mtu anakuuzia ya mkato, muulize unasubiri wapi na saa ngapi." Saa za miji hiyo miwili zinapishana kumi na mbili kamili, hivyo kwa miaka kumi na mitatu mama na binti walipigiana simu saa tatu kwa saa tatu, mmoja akinywa chai ya asubuhi, mwingine akivua viatu vya kutwa.

Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa utulivu, hakutaka kuliliwa. Mi-ran alikuja kwa mwaka mpya wa Kikorea, Februari, akakaa wiki tatu, akaondoka kwa maneno ya madaktari kwamba majira ya joto yatamkuta Mama yupo. Lakini Alhamisi tarehe 18 Aprili, asubuhi, daktari alimwita Tae-gyu kando ya mlango akamwambia ni suala la siku mbili, pengine tatu.

Saa tatu kamili simu ya Mi-ran iliita kama kawaida.

"Kaka, niambie ukweli."

"Njoo," Tae-gyu akasema. "Njoo sasa."

Palikuwa na njia mbili zenye nafasi siku iliyofuata kwa Mi-ran, maana kwake bado ilikuwa Jumatano usiku. Ya kwanza ilipitia Dallas, saa ishirini na tisa na nusu, kufika uwanja wa Incheon Jumamosi saa nne asubuhi. Ya pili ilipitia São Paulo na Addis Ababa, saa thelathini na tano, kufika saa tisa alasiri. Tae-gyu alikuwa ameshaanza kumwambia dada yake achukue ya kwanza, Mama alipofungua macho na kuuvuta mpira wa oksijeni puani.

"Hali ya hewa ya Dallas. Usiku wao wa Alhamisi."

"Mama, tafadhali, leo uache kazi."

"Soma."

Tae-gyu akatafuta kwenye simu. "Ngurumo na radi usiku kucha. Asilimia themanini."

"Ana muda gani wa kubadilisha ndege?"

"Saa moja na dakika ishirini na tano."

"Asipite huko. Apite Addis."

"Mama! Hiyo inaongeza saa tano na nusu! Na kama hatakukuta je?" Neno lilikuwa limeshamtoka. Mkewe, Ok-ju, akainamisha kichwa. Simu ilikuwa wazi, na Mi-ran upande wa pili alikuwa ameyasikia yote.

Marehemu alimgeukia mwanawe. "Kukutwa ni kazi yangu, nitajitahidi. Yeye kazi yake ni kufika."

"Mama kasema wapi?" Mi-ran akauliza.

"Addis Ababa."

"Basi Addis."

Tae-gyu hakulala vizuri, na anakiri mwenyewe kwamba alimkasirikia mama yake aliyekuwa kitandani kufani. Ijumaa saa tisa alasiri alifungua simu kuifuatilia kwenye ramani ndege ile ya Dallas ambayo dada yake hakuipanda. Ilikuwa inazunguka. Ikazunguka tena. Kisha ikageuka ikaenda kutua mji mwingine, na ndege ya kuunganisha kuja Seoul ikaondoka bila abiria wake. Iliyofuata ilikuwa ya siku ya pili yake. Mi-ran saa hiyo alikuwa juu ya Atlantiki. Tae-gyu alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza Mama. Alidhani atafurahi.

"Maskini watu wale," marehemu akasema. "Si ajabu humo kuna anayekwenda kuzika."

Jioni ukaja ujumbe kutoka Addis Ababa: amefika salama, kahawa ya huko ni kali, Mama asiambiwe kwamba amekunywa tatu. Mama aliambiwa, akatabasamu. Hilo lilikuwa tabasamu la mwisho kwa muda mrefu. Tangu Jumamosi saa kumi na moja alfajiri hakuitikia tena akiitwa. Saa tatu padri alimpaka mafuta matakatifu. Daktari alimgusa Tae-gyu bega, akamwambia kwa upole kwamba alasiri ni mbali.

Tae-gyu aliketi akihesabu. Kati ya pumzi na pumzi zilipita sekunde nane. Adhuhuri zikawa kumi na mbili. Saa nane mchana kuna mara moja alihesabu hadi ishirini na tatu, akasimama, na kiti kikaanguka nyuma yake, ndipo pumzi ikaja. Ndege ilitua saa tisa na dakika nne. Ok-ju, aliyekwenda kumpokea wifi yake Incheon, alipiga simu kuuliza wachukue teksi au nini.

"Treni!" Tae-gyu akapaza sauti hata muuguzi akageuka. "Msipite barabarani. Pandeni treni!"

Mi-ran aliingia saa kumi na dakika thelathini na tano, mkoba bado begani, uso umevimba. Alimshika mama yake mkono, akamwita. Hapakuwa na jibu. Alimwita tena kwa jina la utotoni ambalo wao wawili tu walilijua. Tae-gyu alihesabu kumi na tisa, kumi na nane, ishirini na moja. Dakika ishirini zilipita hivyo. Mi-ran alikuwa ameweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, na alikuwa ameshaanza kulia kile kilio kisicho na sauti, kidole cha mama yake kilipomgusa sikio.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama. Kwenye ndege."

"Cha ndege si chakula."

Kando ya kitanda kulikuwa na bakuli la uji wa mchele ulioletwa mchana, umeshapoa, haujaguswa. Marehemu aliutazama, kisha akamtazama binti yake. Mi-ran alikula wote kijiko kwa kijiko, machozi yakidondokea humo, na mama yake hakuyafumba macho mpaka bakuli lilipokwisha. Jioni ile alizungumza kidogo kidogo. Aliuliza habari za wajukuu, akamwomba Tae-gyu amsamehe kwa kumtisha, naye Tae-gyu akamwomba yeye. Kisha akasema amechoka. Alifariki Jumapili tarehe 21 Aprili 2024, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mkono wa kulia ukiwa kwa mwanawe, wa kushoto kwa bintiye. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, Ban Tae-gyu, na mkewe Ok-ju. Mtoto wa kike, Ban Mi-ran, na mumewe Seo Yun-ho. Wajukuu watatu, wawili Seoul na mmoja Buenos Aires, ambaye muda huu wa mazishi ni usiku kwao na ameomba aachwe macho. Mdogo wake wa mwisho, Pyo Gi-nam wa Mokpo. Na watu mia moja themanini na saba ambao familia haijui majina yao, pamoja na watoto waliowazaa baada ya mwaka ule.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Agata, umpe pumziko lenye amani.